Babu wa Kuazima

Happy alikunywa uji bila kupuliza.

Jovina, mama yake, alikuwa ameuteremsha motoni wakati huo huo. Alimpa binti yake kikombe cha bati akamwambia asubiri upoe, akageuka kutafuta sukari. Aliporudi, kikombe kilikuwa kitupu. Mtoto alikuwa amekaa kwenye kigoda, mikono magotini, akitazama mlango. Jovina akamshika kidevu na kumfungua kinywa. Ngozi ya ulimi ilikuwa inabanduka.

"Happy! Hukusikia moto?"

"Uji mzuri, mama."

Hakulia. Aliyelia ni Jovina, na mtoto akamtazama mama yake kwa adabu, kama anayetazama mgeni aliyekosea nyumba.

Nazario, baba wa mtoto, alikuwa mlangoni anafunga kamba za viatu vya kazi. Alikuwa kapita, msimamizi wa kikosi cha vibarua kwenye barabara mpya, mtu mkali kazini na laini nyumbani, ambaye Happy akikohoa mara mbili yeye huamka kumsikiliza kifua. Asubuhi hiyo aliutazama ule ulimi, akasema, "Utapona," akatoka. Nyuma yake ilibaki harufu ambayo Jovina alikuwa ameisikia siku kadhaa bila kujua inatoka wapi: samli iliyochacha, na chini yake udongo mbichi.

Barabara yenyewe ilichelewa hata kabla ya kuanza. Ilikuwa itoke Gitega, ipite Muyinga, ishuke hadi mpakani mwa Tanzania, pana, nyeusi, yenye vizuizi ambapo kila gari lingelipia kupita. Ilichelewa kwa mvua, ikachelewa kwa kukosa mafuta, ikachelewa kwa saruji, ikachelewa kwa wakubwa waliokuja kuuliza kwa nini inachelewa. Huko Butihinda, kwao Nazario, msichana akimchoka mchumba alimwambia, "Njoo unioe kwa gari, juu ya lami," na mchumba akaelewa kwamba amekataliwa.

Halafu ikafika kwenye rundo la mawe.

Rundo hilo lilikuwa chini ya shamba la Nazario, mawe yameota kuvu, yamepangwa na mikono ya watu. Kila aliyeliona alijua ni kaburi, ila hakuna aliyejua la nani. Na kaburi haliondolewi hivihivi. Sharti ndugu wa marehemu ajitokeze, aseme mbele ya abashingantahe, wale wazee waamuzi wa kilima, kwamba huyu ni wetu na tunaridhia ahamishwe. Hakujitokeza mtu. Mashine zikasimama. Egidius, mhandisi kutoka Gitega, alikuja na kurudi, alikuja na kurudi, kila mara na uso mrefu zaidi.

"Bon," aliwauliza watu, "munataka kuniambia maiti alijizika yeye mwenyewe?"

Longino, jirani, alijibu kwamba pale hakuna maiti. "Iko mawe tu. Mi nimelima hapa tangu kijana, sijaona mutu." Longino alikuwa na sababu yake. Shamba la Nazario alikuwa amelilima yeye miaka yote ambayo wenyewe walikuwa ukimbizini, na bado walikuwa wanalishindania.

Nazario alibebwa mgongoni akiwa mchanga kwenda Tanzania, akakulia kambini, akarudi mtu mzima na mke, mtoto, na Kirundi ambacho kilimani walikicheka. Baba yake alifia huko. Kabla ya kufa alimwambia kwamba babu yake, Yakobo, alizikwa kwenye kilima chao, lakini wapi hasa hakusema, au alisema na kijana hakusikiliza. Na kwenye vilima hivi mwenye mfu wake ardhini ndiye mwenye ardhi. Nazario alikuwa amepekua kila kichaka.

Kwa hiyo Jumapili moja baada ya misa alisimama mbele ya wazee, akavua kofia, akasema: "Lile kaburi ni la babu yangu Yakobo, mzaa baba yangu. Mimi ni mjukuu wake."

Nani amlaumu? Mtu asiye na kaburi la kuonyesha huonekana amedondoka kutoka mawinguni. Wazee walikubali. Shamba likawa lake mbele ya mashahidi. Egidius alimkumbatia hadi kofia ikaanguka. Longino siku hiyo alikuwa amevuka mpaka kuuza maharage, na aliporudi mambo yalikuwa yamekwisha. Alipiga kelele sokoni kutwa nzima. "Kama ningejua mawe iko inashinda shauri, ningeyaita babu mi wa kwanza!"

Nazario aliingia shimoni mwenyewe kufukua. Hakukuta mfupa. Alikuta ngozi ya ng'ombe iliyofungwa kwa kamba, na ndani yake kitu kama bonge la mafuta makavu, kijivu, kinachonuka samli.

"Mifupa iko?" Egidius aliuliza kutoka juu.

Nazario alitazama lile bonge. Alitazama juu, nyuso za wazee zimezunguka mdomo wa shimo, nyuma yao shamba la baba yake. "Ipo," akasema, akaliweka sandukuni na kufunika upesi.

Wakamzika upya nyuma ya nyumba. Ukaletwa mtungi wa pombe ya mtama, ukawekwa katikati, watu wakaingiza mirija na kunywa mtungi mmoja kama ilivyo ada: wazee, vibarua, Egidius. Happy alinyonya kidogo kwenye mrija wa baba yake na watu wakacheka. Jovina hakunywa, ni mlokole. Rachid, dereva wa tingatinga, hakunywa, ni Mwislamu. Longino hakualikwa.

Haukupita muda, Jovina akaanza kusikia mtu akikohoa nyuma ya nyumba, kile kikohozi kikavu cha mzee anayewajulisha wenye nyumba kwamba anaingia. Alitoka mara kadhaa kumkaribisha mgeni. Hapakuwa na mtu. Mara moja alimwambia mumewe.

"Ni babu," Nazario alisema, anakula.

"Babu gani?"

"Tuna babu wangapi?"

Maharage hayo Jovina alikuwa ameyatia chumvi mara mbili kwa kusahau, hayaliki. Nazario aliyamaliza na kuomba mengine.

Barabarani nako kazi ililala. Mashine zilikuwa nzima, mafuta yalikuwapo safari hii, kaburi limeondoka. Lakini vibarua walifika, wakaegemea sepetu, wakatazama bonde. Hawakuwa wagonjwa wala wagomvi. Rachid, ambaye alikuwa mtu wa mzaha, alijaribu kuwachokoza akachoka. Siku moja jiwe lilimwangukia kibarua kwenye kidole, kidole kikapondeka, na mwenye kidole akakitazama kikivuja, akasema, "Kumbe." Wenzake hawakugeuka. Kapita wao, Nazario, alikuwa amekaa kwenye ngazi ya tingatinga, na Rachid alimwona akisogea kidogo kwenye ngazi, kama anayempisha mtu akae karibu naye.

"Mama Happy," Rachid alimnong'oneza Jovina jioni hiyo kwenye uzio, "mi sikunywa ile pombe. Na we hukunywa. Sasa angalia: ni nani kwenye kilima hiki bado iko anaogopa? Mi na we tu."

"Usiseme hivyo, Rachid."

"Nanyamaza basi. Mais, lakini, fungua macho."

Aliyafungua, na alichokiona hakukipenda. Asubuhi moja ukungu ulikuwa umeshuka hadi kwenye migomba, ule ukungu wa Butihinda unaolowesha nywele, na Jovina akatoka kumtafuta Happy kwa sababu nyumba ilikuwa kimya mno. Alisikia sauti ya mtoto nyuma, inajibu. Alisikia na sauti nyingine, ya chini, inauliza. Akazunguka ukuta polepole, harufu ya samli ikizidi kila hatua, akamwona bintiye amekaa juu ya kaburi jipya, na mbele yake amechuchumaa mzee aliyejifunika shuka la rangi ya udongo, ameushika mkono wa mtoto kwenye kiganja chake, na kwa mkono wa pili ameshika miiba mirefu ya mlimao ambayo alikuwa anaiingiza mmoja mmoja taratibu, kwa upole kabisa, chini ya kucha ya kidole gumba, kisha cha shahada, kisha cha kati, na kila akiufikisha mwisho anauliza, "Na hiki, kitukuu changu, kinauma?" na Happy anajibu, "Hapana, babu," na mzee anatikisa kichwa kwa kuridhika na kuhamia kingine, hadi alipoinua uso na Jovina akaona kwamba uso wenyewe ulikuwa haujakamilika, pua ilikuwa ya Nazario, na paji la Nazario, lakini mdomo bado ulikuwa udongo, unatafuta umbo, na ukalipata mbele ya macho yake, ukatabasamu.

"Mke wangu," kitu kile kikasema, kama babu yeyote anavyomtania mke wa mjukuu wake. "Mbona wewe hunikaribishi?"

Jovina alimnyakua mtoto. Alikimbia hadi barabarani akiwa peku, akaketi kwenye kifusi, akaanza kuichomoa miiba. Mtoto alimnyooshea kila kidole kwa utulivu. Alikuwa na hofu kubwa kuliko aliyowahi kuwa nayo kambini au njiani. Ilimuumiza zaidi kwamba hakuna wa kuogopa naye. Alimwonyesha Nazario vile vidole. Nazario alivigeuza upande huu na ule.

"Amemuuliza kama vinauma?"

"Ndiyo! Baba Happy, ndiyo!"

"Na vinauma?"

"Hapana," Happy alijibu.

"Basi."

Jovina angemchukua mtoto akimbilie kwao, lakini kwao wapi? Wote wawili walizaliwa na watu waliokuwa wanahama. Alijaribu kwenda hadi njia panda, na Happy akalala chini, bila kugoma, bila kulia, akawa mzito asiyebebeka, macho yako wazi. Wakarudi. Kikohozi kikawapokea.

Kilichowaokoa, kama neno hilo linafaa, ni kuchelewa kwa barabara. Huko Gitega wakubwa walimbana Egidius, na Egidius akaagiza kapita wa Butihinda aletwe ofisini ajieleze. Nazario alipanda pikapu na Rachid bila kuuliza kitu. Walipoiacha Muyinga mjini nyuma, akaomba dirisha lifungwe, anasikia baridi. Walipovuka Gasorwe akasema ana njaa. Rachid alimtazama kwa jicho la pembeni, akakanyaga mafuta.

Gitega ilikuwa na jua. Nazario alishuka mbele ya ofisi ya kampuni, akapanda kidaraja cha kwanza, cha pili, na kwenye cha tatu alipiga yowe lililowatoa makarani nje. Alianguka. Rachid akamvua kiatu. Msumari wa mbao za zege ulikuwa umetoboa soli na kuingia katikati ya unyayo, na mguu umevimba, umeiva usaha, unanuka.

"Mungu wangu," Egidius alisema. "Tangu lini?"

Nazario alikumbuka. Alikumbuka mlio wa kukanyaga ubao, siku nyingi nyuma, na kwamba aliendelea kutembea. Kisha mengine yakaja, moja baada ya jingine, hakuweza kuyazuia. Ulimi wa Happy. Kucha za Happy. Na ile siku alipokuwa amekaa uani na sigara, akamwambia mtoto, niletee kaa la moto, na Happy akaenda jikoni akamletea kaa, kwa vidole, linawaka, akatembea nalo uani pole pole lisidondoke, na yeye akawasha sigara yake.

Alikumbuka kwamba alimwambia asante.

Watu walidhani analia kwa sababu ya msumari. Muuguzi wa jirani aliuchomoa, akaosha kidonda, akafunga, akasema lazima alazwe. Nazario alikuwa ameshaanza kuruka kwa mguu mmoja kuelekea kwenye pikapu.

"Nazario, attends, ngoja," Egidius alimfuata, amekunja uso. "Hata mi... kila nikifika kule, nasahau nilikuja kufanya nini. Nakaa, naangalia, narudi. Iko nini kule?"

"Nilisema ni babu yangu," Nazario alisema. "Sikumjua. Sikuona mfupa hata mmoja."

Rachid hakumpeleka nyumbani moja kwa moja. Alisimama Muyinga mjini, kwenye mtaa wa Waislamu, mbele ya baraza la fundi cherehani. Mwalimu Hamissi alikuwa mzee mwembamba mwenye futi shingoni, anashona sare za shule mchana na kuwasomea watu dua jioni. Alisikiliza habari yote mguu wake ukiwa bado juu ya pedali.

"Shikamoo, Mwalimu," Nazario alisema mwishoni, maana alisahau mwanzoni.

"Marahaba, mwanangu. We umefanya mambo mubaya bila kujua, na hiyo ndiyo inafanywaka zaidi." Hamissi alikata uzi kwa meno. "Hakuzikwa mutu pale. Babu yangu alitusimulia. Ni jini asiye na kwao. Alikuwa anapita kilima kwa kilima, anakohoa mulangoni, anaomba aitwe baba, aitwe babu. Mwaka wa njaa watu walimukubali. Nyumba yenye anaingia, njaa haiume tena. Walimupenda sana! Walikaa wametulia, hata kama chakula iko karibu hawakunyoosha mukono, mupaka wakaisha. Alors wazee wakamudanganya. Wakamuviringisha kwenye ngozi na samli, kama maiti mwenye heshima, wakamuzika, wakamunyima jina. Wakaonya watu: pale musipaite penu."

"Sisi hatukuambiwa."

"Wenye kujua walikufa, wengine walikimbia. Nani angewaambia?"

Dawa ilikuwa rahisi kuitaja. Wale wale waliosikia Nazario akimkubali ilibidi wamsikie akimkana. Baada ya hapo pasiwe na mtu wa kutamka neno, wala jina, wala undugu, hadi Hamissi amrudishe kwenye shimo lake na kuweka mawe.

"Na shamba?" Nazario aliuliza, ingawa alijua.

"Shamba itaenda na babu."

Nazario aliinamisha kichwa. Baba yake alikufa kwenye hema akitaja kijito, mti, mteremko, shamba hilo hilo. Ilimuuma hapo kifuani kuliko mguuni, na alishukuru kwamba inauma. "Nitamkana," akasema. "Lakini Mwalimu, nikifika kule nitasahau kwa nini nilitaka. Hata sasa nasikia mguu unaanza kupoa na hatujaondoka mjini."

"Si lazima ukumbuke kwa nini. Utasema tu."

Njiani maumivu yalimtoka kidogo kidogo. Alijaribu kuyashikilia. Alikuwa anajigonga kidonda kwa ngumi, na kila ngumi ilikuja nyepesi kuliko iliyotangulia, na alipouliza moyoni kama Happy yuko salama, swali lilikuwa lile lile lakini hakuna aliyekuwa na hamu ya jibu. Walipofika Butihinda alishuka na kutembea kwa miguu yote miwili, bendeji inachuruzika.

"Umerudi," Jovina alisema, akamtazama machoni. Akajua.

Rachid ndiye aliyewakusanya watu. Walikuja wazee na fimbo zao, wakakaa uani kwa mpangilio, wametulia mno, nzi wanatembea kwenye midomo yao. Walikuja vibarua. Alikuja pia Longino, ambaye hakuitwa, mikono kiunoni, maana alisikia kwamba kesi ya shamba inafunguliwa tena. Mvua nyepesi ilikuwa inaanguka.

"Asiseme mutu," Hamissi alionya. "Yeye atasema maneno yake, kisha kimya mupaka nimalize. Iko jini hapa."

"Majini ya Waswahili!" Longino alicheka peke yake. "Sisi tuko wakristo, mzee."

Hamissi akaanza kusoma, sauti ya chini, amegeukia kaburi. Harufu ilipanda. Kikohozi kikasikika, si nyuma ya nyumba tena, katikati yao, na Jovina akamwona mzee amesimama nyuma ya Nazario na mkono begani mwake, na sasa uso ulikuwa umekamilika, ulikuwa Nazario mwenyewe akizeeka, ukoo mzima kwenye sura moja, uso ambao mtu aliyekulia kambini angetoa chochote auone, nao uliinama kwenye sikio la mumewe na kusema, kwa sauti ambayo hata wazee waliisikia bila kupepesa macho: "Mjukuu wangu, nani mwingine atakushuhudia? Ukinikana mimi huna baba, huna babu, huna mtama, huna mahali pa kuzikwa, utakuwa tena mtu wa hema, na hawa watakucheka, na mtoto wako ataulizwa kwao wapi na atanyamaza, je, shamba hulitaki, shamba la baba yako, hulitaki?"

Nazario alilitazama shamba. Lilikuwa mteremko wenye mtama. Alitafuta ndani yake ile hamu iliyomsimamisha mbele ya wazee Jumapili ile, akakuta mahali pake pameshalambwa. Jini alikuwa amekula kila kitu, na katika ulafi wake alikuwa amekula na hamu hiyo.

"Silitaki," Nazario akasema. Hakuna kilichomuuma. Aliongea kama anayesoma maneno yaliyoandikwa ukutani. "Wazee wa kilima, mnisikie. Niliyemwita babu si babu yangu. Sina mtu hapa. Nilisema uongo. Simjui, na mimi si mjukuu wake."

Mkono ukatoka begani.

Kwanza Happy alishangaa. Kisha akapiga yowe. Ulimi, vidole, kucha, kaa, miiba, kila alichofanyiwa kilimrudia kwa pamoja, na mtoto akajikunja matopeni akilia kilio ambacho kilimkata mtu maini. Jovina akamrukia, akamkumbatia, akalia na kucheka. "Lia, mama, lia, lia mwanangu!" Yule kibarua wa kidole akaanguka. Wazee wakapangusa nzi, wakatazamana kwa aibu. Nazario alikuwa chini ameshika mguu, na zaidi ya mguu lilimuuma sasa shamba la baba yake, lote. Kaburi nyuma ya nyumba lilikuwa limetitia. Hamissi aliinua mkono mmoja juu, watu wakae kimya, na mkono mwingine ulikuwa unashuka na ile ngozi ya ng'ombe ya kaburini ikijiviringisha chini yake, bado kidogo, bado kidogo tu.

Na Longino akaona shamba halina mwenyewe.

"Voilà!" akapaza sauti, akaruka katikati. "Mumesikia nyote! Amesema mwenyewe si wake! Iko wetu! Mi Longino nasema mbele yenu, huyu ni babu yangu, babu wa mama yangu, na shamba hii iko yangu na ya wajukuu wangu!"

Hamissi akashusha mkono. Hakumkemea. Alimtazama jinsi unavyomtazama mtu aliyekwisha kukatwa kichwa na hajajua.

"Futa hayo maneno," alimsihi. "Baba, tafadhali, yafute sasa hivi, bado muda iko."

"Niyafute? Ili arudishe huyu Mtanzania?" Longino alikuwa anatabasamu, anatokwa jasho la furaha, amebana ngumi. Ngumi ikalegea. Tabasamu lilibaki kidogo, kama limesahaulika, kisha nalo likaondoka. Akapangusa mvua usoni, pole pole. Nyuma yake mtu akakohoa.

"Karibu," Longino akasema.

Nazario na familia yake walihamia Gitega. Egidius alimpa kazi ya kulinda yadi ya mashine, kazi ya kukaa, kwa sababu mguu haukupona vizuri. Chumba chao kilikuwa cha kupanga na hakikuwa na mti hata mmoja. Happy alilia karibu kila siku kwa muda mrefu, akifungwa bendeji, akifunguliwa, na majirani wakalalamika. Jovina aliwajibu kwamba hawezi kumnyamazisha na hataki. Nazario alijaribu mara mbili kutuma ujumbe kwa Longino. Hakujibiwa.

Kisha siku moja Egidius alirudi kutoka Butihinda, amefurahi, akashuka garini anapiga makofi. Barabara ilikuwa imepita. Lami ilikuwa inateremka kuelekea mpakani, na kizuizi cha kulipia kingejengwa pale pale penye rundo la zamani. Longino alikubali kila kitu, hakusumbua, hakudai.

"Nazario, ule mzee iko mvumilivu, sijaona!" Egidius alisema. "Alikuja kusimama karibu na kompakta ya kushindilia lami, akateleza, gurudumu ikamupanda mguu wote mupaka goti. Sisi wote tumepiga kelele. Yeye aliangalia tu, akasema, endeleeni na kazi."

Nazario alisimama, akashika ukuta. "Alikuwa peke yake?"

"Hapana, iko na wajukuu wake, watoto wadogo wengi, wamekaa pembeni ya barabara na babu yao mwingine, yule mzee kabisa." Egidius alitikisa kichwa kwa kuwasifu. "Watoto ya adabu, kweli. Waliona yote ile, na hakuna hata mmoja alilia."